Nilikata vyakula 23 mpaka nikabaki mifupa: tuzungumze lishe kwa sisi tunaoumwa magonjwa ya kinga kushambulia mwili

#1 Mkono wa Kulia (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Haya yamenichukua miaka tisa kuyajua, na mengine yamenigharimu kiungo.

Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Siyo ile ya uzeeni ya magoti kusagika. Ilinianza nikiwa na miaka 31, vidole vya mikono yote miwili kwa mpigo, asubuhi siwezi kukunja ngumi mpaka saa mbili nzima zipite. Nikaandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Na wiki ileile niliyotajiwa jina la ugonjwa ndiyo watu walianza kuniambia nisile nini.

Siwalaumu. Mtu anayekupenda akikuona unaumwa ugonjwa usiopona, dawa hana, maumivu hawezi kukupunguzia, ila anaweza kukwambia acha nyama nyekundu. Na mgonjwa unalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Dawa ni ya daktari, vipimo ni vya maabara, sahani peke yake ndiyo umebakiwa nayo kuitawala.

Nikaacha nyama nyekundu. Nikaacha ngano, halafu maziwa na kila kitokanacho na maziwa. Nikasoma habari za mimea ya jamii ya mnavu, nikaacha nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo. Mayai yakafuata. Maharage na jamaa zake wote nikayaacha kwa sababu ya kitu kinaitwa lektini, aina ya protini ya mimea, ambacho wakati ule sikujua hata kwamba ukiyaloweka na kuyachemsha maharage yakaiva sawasawa, karibu yote inaharibika. Nilikuwa na karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, naandika kwa kalamu nyekundu kila ninachokiacha. Kufika mwisho wa mwaka wa pili ilikuwa na vitu 23. Hakuna hata kimoja nilichowahi kukifuta.

Mwezi wa kwanza nilipata nafuu. Nalisema wazi kwa sababu ndiyo nafuu iliyoniponza. Nilikuwa naamka na baada ya nusu saa nimekunja ngumi. Nikajiona nimeupata ufunguo, nikaacha dawa bila kumwambia daktari. Miezi minne.

Siku niliyorudi kliniki daktari hakuanza na vidole. Alishika kidole gumba changu, akabonyeza kucha, akaachia, akaangalia ilivyobaki nyeupe. Akaniuliza, "Jana ulikula nini?" Nikamwambia wali mweupe na tango, na maji ya moto. "Na juzi?" Wali mweupe na tango. Akaiweka kalamu mezani, akakaa kimya kidogo. Uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 64 hadi 47. Hemoglobini 8.6. Eksirei ya kifundo cha mkono wa kulia ilionyesha mfupa umeliwa ukingoni kama mkate uliomegwa na panya. Mfupa ukishaliwa hivyo haurudi. Leo hii kifundo hicho hakikunjiki hata nusu, na mfuniko wa chupa naufungua kwa mkono wa kushoto.

Sasa ile nafuu ilitoka wapi? Nimeuliza sana, nimesoma sana. Kwanza, mwili ukinyimwa chakula uvimbe hupungua kwa muda, hilo limepimwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi waliofunga, na wengi wao maumivu yalirudi walipoanza tena kula kama kawaida. Mimi sikuwa nafunga, lakini nilikuwa nakula kidogo mno, ni karibu na kufunga. Pili, magonjwa yetu haya hupanda na kushuka yenyewe. Na mtu huanza mlo mpya lini? Siku ambayo ameelemewa. Ukianza kitu chochote ukiwa kileleni mwa maumivu, wiki tatu mbele kuna uwezekano mkubwa uko chini ya hapo, hata kama ulichoanza ni kulala upande wa kushoto. Sifa anapewa mlo.

Ninachokiamini sasa ni hiki: chakula kisitoke kwenye sahani bila ushahidi, na kikishatoka, kama ushahidi haukupatikana, kirudi. Orodha yangu ilikuwa na mlango wa kutokea tu, wa kurudia haukuwepo.

Jambo lingine ambalo ningependa ningeambiwa siku ya kwanza: magonjwa haya yanaitwa kwa ukoo mmoja lakini mlo wake si mmoja. Wa seliaki akila ngano utumbo wake unaharibika. Wa kisukari aina ya kwanza anahesabu wanga apate kujua dozi ya insulini. Wa lupasi (kinga inaposhambulia ngozi, viungo, figo na kwingineko) ambaye figo zimeguswa, chumvi na hata potasiamu vinaweza kuwa habari nzito kwake. Mimi wa viungo, hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa kuwa ndicho adui wa sisi wote. Kwa hiyo mtu akikuandikia "mlo wa magonjwa ya kinga", muulize ugonjwa upi.

Kwa upande wetu wa baridi yabisi, mwongozo wa 2022 wa chama cha madaktari bingwa wa viungo cha Marekani unapendekeza, tena kwa tahadhari, ulaji wa mtindo wa nchi za Mediterania: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya maharage, samaki, mafuta ya zeituni, sukari na vyakula vya viwandani kwa uchache. Milo mingine yote yenye majina, pamoja na vidonge vya virutubisho, haukuipendekeza kama tiba ya ugonjwa. Katika vidonge hivyo, mafuta ya samaki ndiyo yenye ushahidi kiasi: gramu 3 hivi za omega-3 kwa siku, kwa miezi mitatu au zaidi, baadhi ya watu hupata kupungua kwa ugumu wa asubuhi na hupunguza vidonge vya maumivu. Kidogo. Haishiki mahali pa dawa.

Angalieni: maharage niliyokuwa nimeyaandika kwa kalamu nyekundu yamo mle.

Karibuni. Kila mwenye ugonjwa wake aseme alichokiona kwa macho yake.

#2 Tone la Mvua

Pole sana dada, na asante kwa kuandika. Mimi ni wa seliaki, nataka niseme kwa niaba yetu, kwa sababu sisi ndio tunaosababisha wengine wote waambiwe waache ngano.

Kwetu chakula ndiyo dawa, na hakuna nyingine. Historia yake inagusa. Kule Uholanzi daktari wa watoto aliyeitwa Willem Dicke alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 njaa ikaikumba nchi, mkate ukatoweka. Watoto wengine wanadhoofika, wale wa seliaki wakawa afadhali. Mkate uliporudi, na wao wakarudi kuumwa. Akaja kuandika tasnifu yake mwaka 1950, na tangu hapo ikajulikana kwamba tatizo ni gluteni, protini iliyomo kwenye nafaka za ngano, shayiri na rai.

Kwa hiyo mtu wa seliaki halambi hata kidogo. Kwangu nyumbani nina kisu changu cha siagi chenye mpini wa kijani, na hakuna anayekigusa. Kijana wangu mdogo aliwahi kukichovya kwenye mkate wake akaja mwenyewe analia kuniambia. Bidhaa ikiandikwa haina gluteni, kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni chini ya miligramu 20 kwa kilo. Mjue ni kiasi kidogo namna gani.

Ninachowaomba nyie wengine: msiache ngano KABLA ya kupima seliaki. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili ambao hutokea ukiwa bado unakula gluteni. Ukiacha miezi kadhaa halafu ukapima, majibu yanaweza kuja safi na ugonjwa upo. Mimi mwenyewe nilirudishwa kula mkate wiki sita ili nipimwe upya. Sitaki hata kuzikumbuka wiki zile.

#3 Koo Safi

Nami niongeze la haraka. Tezi ya shingo, ugonjwa wa Hashimoto. Watu wananiuliza nakula nini, hakuna anayeniuliza nakula SAA NGAPI. Kidonge cha levothairoksini, homoni ya tezi, kinataka tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa, kwa maji matupu. Nilikuwa nakimeza kwa kahawa, dozi inaongezwa kila nikienda, kumbe kahawa inaizuia dawa isiingie. Vidonge vya chuma na kalsiamu navyo viachane nacho saa nne. Nilipobadilisha muda tu, vipimo vikatulia.

Na msikimbilie madini joto mkidhani tezi inayataka. Kwa Hashimoto, yakizidi yanaweza kuichochea zaidi. Unga wa mwani wa baharini unayo kwa wingi sana.

#4 Jani Bichi

Mleta mada, nimekusoma kwa heshima, ila nina la kupinga.

Na mimi ni wa baridi yabisi, mwaka wa sita. Nakula mimea tu, na nina hali nzuri kuliko nilivyowahi kuwa. Mbona hukutaja utafiti wa Norway wa 1991, uliotoka kwenye jarida la The Lancet? Wagonjwa 27 walifunga siku 7 hadi 10, wakaingia kwenye mlo wa mimea usio na gluteni, kisha wa mboga pamoja na maziwa, na mwaka mzima ulipoisha walikuwa bora kuliko wenzao waliokula kawaida. Huo si upepo tu wa ugonjwa kupanda na kushuka, maana palikuwa na kundi la kulinganisha.

Naona uzi wako utawavunja moyo watu ambao chakula kingewasaidia.

#5 Mkono wa Kulia (mleta mada)

Jani Bichi, umesema kweli kuhusu Norway, na nilipaswa kuutaja. Nimeusoma. Ni kundi dogo, na si wote waliofaidika, lakini ni utafiti wa kweli na sitaupuuza. Nafurahi kwa hali yako, naomba uamini hilo.

Niulize tu: ulipoanza kula mimea, dawa ulifanyaje? Na protini, chuma, B12 unavipata wapi? Siulizi kukunasa. Nauliza kwa sababu anayesoma hapa akiona "nakula mimea na nina hali nzuri" atachukua nusu ya habari kama nilivyochukua mimi.

Na sisemi chakula hakina nguvu. Kuna ugonjwa wa upungufu wa damu ambao kinga inaharibu uwezo wa tumbo kufyonza vitamini B12, zamani ulikuwa unaua. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Marekani waliwalisha wagonjwa maini kwa wingi kila siku, wakapona kifo. Walipewa Nobeli 1934 pamoja na George Whipple. Hayo ni maini tu! Lakini walihesabu chembe za damu za wagonjwa, wakaona mpya zinapanda ndani ya siku chache. Wengine wakaendelea kutafuta ndani ya ini kuna nini, na 1948 ikapatikana B12 yenyewe. Leo mgonjwa anachomwa sindano, halazimiki kumeza maini mpaka anakinai. Chakula kikiwa kinafanya kazi hupimika.

#6 Jani Bichi

Swali zuri. Dawa sikuacha mwenyewe. Daktari alinipunguzia hatua kwa hatua kwa mwaka na nusu, kila miezi mitatu napima damu na anaviminya viungo kimoja kimoja. Bado nipo kwenye dozi ndogo. B12 namezea kidonge. Protini ni dengu, maharage ya soya na karanga, na mtaalamu wa lishe alinipangia kwa mizani kabisa.

Nakiri sikuyaandika hayo mwanzo. Nilidhani yanajulikana.

#7 Mkono wa Kulia (mleta mada)

Hayajulikani, ndugu yangu. Mimi sikuyajua.

#8 Mzazi wa Mmoja

Salaam zenu. Mimi siumwi, anaumwa mwanangu wa miaka 12, ana ugonjwa wa Crohn. Matumbo yanavimba, anaharisha damu, akawa mwepesi kuliko mdogo wake.

Tulipoambiwa tiba ya kuanzia nilidhani nimesikia vibaya: wiki nane asile chakula chochote, anywe tu lishe ya maji iliyotengenezwa maalumu, ina kila kitu mwili unachotaka. Kumbe kwa watoto wa Crohn ndiyo njia inayopendelewa kuutuliza ugonjwa mara ya kwanza, kwa wiki 6 hadi 8, kwa sababu inafanya kazi vizuri kama dawa za steroidi na haimdumazi mtoto.

Siku ya nne alikaa mezani na sisi, kikombe chake mbele yake, akawa anaangalia mikono yetu inavyokwenda sahanini na kurudi. Hakuomba. Aliangalia tu. Usiku ule nikamwambia baba yake kuanzia kesho sisi wote tunakula baada ya yeye kulala, na mezani tutakaa naye na vikombe. Tukafanya hivyo wiki saba zilizobaki. Ndugu zake hawakulalamika hata siku moja.

Amepata kilo sita. Kwa hiyo mtu asiseme chakula si tiba, ila hii tulipewa na madaktari, kwa kipimo na tarehe ya mwisho. Na vyakula vilirudishwa kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa kuku wa kuchemsha, alimnusa kwanza kwa muda mrefu kabla ya kuuma.

#9 Mlango wa Pili

Mama, umeniliza. Mungu amkuze.

Nina swali. Nimelipia kipimo cha damu kinachoonyesha vyakula visivyonikubali, karatasi imekuja na vyakula 40, 17 vina rangi nyekundu. Mayai, ndizi, mchele, samaki, vyote. Nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kuota magamba. Nifuate?

#10 Mkono wa Kulia (mleta mada)

Mlango wa Pili, naomba usifute chochote kwa karatasi hiyo. Kama kipimo ni cha kingamwili aina ya IgG, kinachoonyesha zaidi ni kwamba mwili umekutana na chakula hicho. Yaani unachokila sana ndicho kinachowaka. Vyama vya madaktari wa mzio vimekikataa kipimo hicho kwa kazi hiyo miaka mingi sasa. Mzio wa kweli hupimwa kwa njia nyingine, na daktari huanza kwa kukuuliza kwanza nini kilitokea ulipokula.

Kwa soriasisi, kinachotajwa kwa nguvu zaidi ni uzito: mwenye uzito mkubwa akipunguza, ngozi mara nyingi hutulia na dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Pombe nayo ni mbaya kwa ngozi, na kama uko kwenye methotreksati ni mbaya mara mbili kwa sababu ya ini.

#11 Nyota ya Saa Kumi

Nimesoma uzi wote nimelala, simu kifuani. Nina lupasi, mwaka wa tatu. Sasa hivi nakula vitu sita. SITA. Sina ngano, maziwa, mayai, nyanya, viazi, karanga, maharage, samaki, kahawa. Nilifuata ule mlo maarufu wa kuondoa karibu kila kitu ambao wengi mnaujua, ule wa magonjwa ya kinga. Ulisema wiki sita halafu urudishe. Wiki sita zimekuwa miezi kumi na nne kwa sababu naogopa kurudisha. Nikishika yai mkononi moyo unanienda mbio.

Juu ya hapo nipo kwenye prednisoloni, ile dawa ya steroidi, na nyie mnajua njaa yake. Saa kumi za alfajiri naamka nimekaa jikoni natetemeka, nalia mbele ya kabati ambalo halina ninachoruhusiwa kula.

Kuna mtu aliniletea pia unga wa majani "kuongeza kinga". Nilitumia wiki mbili nikalazwa.

Nianzie wapi?

#12 Mkono wa Kulia (mleta mada)

Mdogo wangu, umefanya vema kuandika. Nimekaa na ujumbe wako tangu asubuhi.

La kwanza kabisa, hiyo ya kuongeza kinga iache kabisa. Sisi kinga yetu haijapungua, imepotea njia. Kuna mimea inayoichochea, ekinasia imo, na kwa wa lupasi chipukizi za alfalfa zinajulikana: zina kitu kinaitwa kanavanini, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyani waliolishwa chipukizi hizo walipata ugonjwa unaofanana na lupasi. Angalia unga wako kama alfalfa imo.

Huo mlo uliofuata nao tuupe haki yake. Ulijaribiwa, matokeo yakatoka 2017, kwa wagonjwa 15 wenye matumbo yaliyovimba, na 11 wakapata utulivu ndani ya wiki sita. Inatia moyo. Lakini ni watu 15, bila kundi la kulinganisha, na ni wa matumbo, wewe ni wa lupasi. Na wenyewe unaagiza kurudisha. Sehemu ya kurudisha ndiyo kazi yenyewe, ile ya kuondoa ni maandalizi tu.

Nitakueleza nilivyorudisha mimi nikiwa na mtaalamu wa lishe, wewe nenda nao kwa daktari wako kwanza aseme kuhusu figo zako, maana hapo ndipo wa lupasi hutofautiana na mimi. Nilichukua daftari. Wiki nzima kabla sijarudisha chochote niliandika tu nilivyo: asubuhi vidole vinachukua dakika ngapi, usingizi, uchovu kwa alama sifuri hadi kumi. Hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu niligundua siku zangu mbaya zinakuja hata nisipogusa kitu. Ningekuwa nimerudisha yai siku ile ningelilaumu yai. Kisha chakula kimoja: siku ya kwanza kidogo, siku ya pili kawaida, siku ya tatu kawaida, halafu siku mbili au tatu za kusubiri. Ukiona shida, toa, subiri utulie, jaribu tena baadaye. Shida itokee mara mbili ndipo ukiandike. Ikitokea mara moja, sijui, labda ni bahati mbaya.

Usijaribu wiki uliyobadilishiwa dawa, wala ukiwa na mafua, wala siku za hedhi kama huwa zinakuchosha. Lakini kama chakula kiliwahi kukuvimbisha midomo au kukubana pumzi, hicho usikijaribu nyumbani, hicho ni cha hospitali.

Kwenye prednisoloni, njaa ile si udhaifu wako, ni dawa. Mimi ilinisaidia kuweka chakula chenye protini na nyuzinyuzi karibu na kitanda, na kupunguza chumvi kwa sababu inavuta maji. Kalsiamu na vitamini D uliza leo, si kesho, kwa sababu steroidi inakula mifupa, nawe wa lupasi unalikwepa jua na maziwa umeyatoa. Na kwa kuwa kinga imeshushwa na dawa, mayai yaive, nyama iive, maziwa yawe yamechemshwa au kusindikwa.

La pembeni: ukiwekewa siklosporini au takrolimasi, dawa za kushusha kinga, balungi liache, linapandisha dawa kwenye damu. Ukiwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mboga za majani usiziache, kula kiasi kilekile kila wiki ili dozi isiyumbe.

Anza na kile unachokikumbuka zaidi.

#13 Tone la Mvua

Nyota, tuko hapa. Ukiamka hiyo saa kumi, andika. Mimi huwa macho.

#14 Mzazi wa Mmoja

Mwanangu anakuuliza ni kipi unachokikumbuka zaidi. Yeye alikuwa anakumbuka kuku.

#15 Nyota ya Saa Kumi

Mwambie mayai. Ya kukaanga na kitunguu, pembeni yawe yameungua kidogo.

Daktari nimemwona. Figo ziko salama, chumvi nipunguze, na alinikalipia kwa upole kuhusu ule unga. Alfalfa ilikuwemo, ya tatu kwenye orodha. Kalsiamu na vitamini D nimepewa. Mtaalamu wa lishe nimepangiwa Alhamisi.

#16 Nyota ya Saa Kumi

Nimerudi baada ya wiki tano, naona uzi bado upo hai.

Wiki ya kuandika tu ilinishangaza. Bila kugusa chakula kipya nilikuwa na siku mbili za uchovu wa nane kwa kumi na viganja kuwaka. Ningeweza kuapa nimekula kitu.

Mayai: siku ya kwanza nusu, nilikaa na saa mkononi mpaka saa nne usiku. Hakuna. Siku ya pili moja, siku ya tatu mawili, ya kukaanga na kitunguu. Hakuna kitu. Nimekula mayai wiki nne sasa.

Samaki: hakuna kitu. Maharage: gesi siku mbili, ikaisha. Nyanya: hakuna kitu, na niliziogopa kuliko zote.

Maziwa yamenikataa. Mara ya kwanza tumbo lilisokota na kuharisha ndani ya saa mbili, nikasubiri siku kumi, nikarudia, ikawa vilevile. Mtaalamu anasema inaonekana ni ile sukari ya maziwa isiyomeng'enywa, haihusiani na lupasi, na mtindi huenda nikauweza. Nimeyaandika peke yake kwenye ukurasa wake.

Uzito umepanda kilo mbili na nusu. Leo saa kumi niliamka kwa mazoea, nikaenda jikoni, nikafungua kabati, nikachemsha mayai mawili, nikala nimesimama. Kesho naanza mtindi, vijiko vitatu.